Mashavu ya Adrabo

Jumapili, 3 Agosti

Leo mama mkwe ameushika uso wa mume wangu kwa mikono miwili, mbele ya watu waliokuwa wanatoka misa, kama anayechagua papai sokoni. Akaubonyeza huku na huku. Halafu akanitazama mimi, si yeye.

"Keji, uso ya mutoto yangu iko wapi?"

Mimi kwetu ni Koboko na lugha yangu ni Kikakwa. Yeye ni mama Eyotaru wa kijiji cha Adumi na lugha yake ni Kilugbara. Tangu niolewe na mwanawe tunagombana na kupatana kwa Kiswahili. Nikamwambia Adrabo anakimbia, daktari alimwambia presha imepanda, apunguze mwili.

"Nakimbia? Nani nafukuza yeye?"

Nyumbani nikamtilia chai. Nikaonja kwanza mbele yake, kama anavyofanya mtu yeyote mwenye adabu huku kwetu, ili mgeni aone kikombe ni salama. Akakipokea, akakitazama, akanirudishia.

"Onja tena."

Miaka yote ya ndoa yangu hajawahi kuniambia hivyo. Nikaonja tena. Chai ilikuwa ya moto ikaniunguza ulimi, na sikutaka aone.

Jumatano, 6 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Adrabo amekimbia hivyo hivyo.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemtazama mume wangu kwa macho ya mama yake, na kusema kweli nimeogopa. Mwanamume niliyeolewa naye alikuwa na mashavu ya kuonekana toka mbali. Pale forodhani Vurra, anakotolea mizigo ya wafanyabiashara, madereva wa malori wanamwita Mandazi. Sasa mandazi yamekwisha. Mifupa ya uso imejitokeza, panja zimebonyea, macho yamerudi ndani, ngozi ya shingo inaning'inia. Akicheka, mikunjo miwili inashuka kutoka puani hadi kidevuni.

Mwili wake uliobaki hauna shida yoyote. Anapanda kilima cha Ediofe, hapa tunapoishi, bila kuhema, na mapaja yake ni magumu kama mchi. Lakini mapaja yamo ndani ya suruali. Uso ndio unaosalimia watu.

Ninachoogopa hasa ni hiki. Baba yake Adrabo naye alikonda uso kabla ya kufa. Ukoo ukasema ni sumu ya polepole, mkono wa mke wake mdogo. Walimfukuza wakachoma nyumba yake, na watoto wakabaki kwa ukoo wa baba yao. Mahali pale sasa pamepandwa muhogo. Nikienda Adumi hupita pembeni yake kila mara, na hakuna anayelitaja jina la yule mama.

Alhamisi, 14 Agosti

Adrabo hataki tena mafuta. Hataki odii, ule ufuta wa kusaga na karanga ambao mama yake alimlea nao. Anataka mboga za kuchemsha na samaki mkavu bila kitu. Mimi na binti yetu Linda hatuwezi kula hivyo, kwa hiyo napika sufuria mbili, yetu kubwa na yake ndogo.

Leo wifi yangu Scovia ameingia jikoni bila hodi. Akafunua sufuria kubwa, akafunua ndogo.

"Hii ya nani?"

"Ya kaka yako."

"Kwa nini yeye nakula peke yake?"

Kabla sijamaliza kueleza, macho yake yalikuwa yamefika kwenye chupa ya maji ya Adrabo. Nilikuwa nimetoka kuikoroga kwa ajili ya kesho, na kijiko kilikuwa bado cheupe.

"Na hii?"

"Glukosi na chumvi kidogo. Anakunywa akikimbia."

"Ramba."

Nikaramba kijiko mbele ya Scovia, mtu niliyemsuka nywele siku ya harusi yake. Ameondoka bila kuaga.

Jumatatu, 18 Agosti

Hakuna jipya. Mvua, mbio, sufuria mbili.

Jumamosi, 23 Agosti

Kibanda changu cha chai kiko chini ya kanisa kuu, na Jumamosi huwa sipati hata nafasi ya kukaa. Leo mandazi yamebaki. Dumo wa bodaboda, ambaye hunywa chai yangu tangu nilipofungua, alisimama na kikombe mkononi, akaangalia kushoto na kulia, kisha akasema kwa aibu, "Mama Linda, samahani, wewe nakunywa kwanza."

Yangi, anayeuza nyanya jirani yangu, alingoja aondoke. Yeye alikimbia vita Sudan Kusini akiwa amebeba watoto, na hana muda wa kuzungukazunguka.

"Dada, watu nasema wewe iko namaliza bwana yako. Nasema iko sufuria mbili na iko unga mweupe."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi? Mimi nasema, lete chai."

Akainywa yote. Nimelia nyuma ya kibanda, nikanawa, nikarudi.

Jumanne, 2 Septemba

Nimemwomba Adrabo aache kukimbia. Si milele, mpaka watu watulie tu. Amecheka. Ametoa karatasi za hospitali, akazipiga kwa kidole: presha imeshuka, damu safi, sukari safi. Amesema mwisho wa Novemba kuna mbio Koboko, kilomita ishirini na moja, za kuchangia shule ya viziwi, na yeye ameshajiandikisha.

"Watu wa kwetu nasema tu, Keji. Watachoka."

"Baba yako alipokonda walichoka?"

Hapo hakucheka. Akavaa viatu vyake, akatoka kukimbia. Nilimwona akishuka barabara ya Ediofe, na kila mama aliyekuwa mlangoni aligeuza shingo kumfuata, kama wanavyotazama jeneza. Nikamchukia kidogo.

Jumapili, 7 Septemba

Wametuita Adumi. Nilijua ni kesi kabla ya kuteremka kwenye pikipiki, kwa sababu viti vilikuwa vimepangwa na hakuna aliyecheka.

Mzee Acidri, baba mdogo wa Adrabo, ndiye aliyeongoza. Si mtu mkali. Huzungumza polepole na kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Alimwambia Adrabo avue kofia asogee kwenye mwanga. Wakamkalisha katikati, wakamzunguka. Mtu mmoja alisema shimo la shavu lile lile alikuwa nalo marehemu. Mwingine akasema macho ndiyo yanayotangulia. Mama Eyotaru alikuwa ameshika magoti yake.

Adrabo akaeleza juu ya mbio. Ee Mungu, bora angenyamaza. Alisema anaamka gizani kukimbia hadi njia ya Vurra na kurudi, mvua au jua. Nikaona nyuso zao zinabadilika. Kwao hayo hayakuwa maelezo, yalikuwa ni dalili nyingine.

"Mutu mukubwa," akasema Mzee Acidri, "iko na bibi, iko na mutoto, iko na pikipiki nzima. Nakimbia kwa mvua. Wewe nasikia nini kwa kichwa, mutoto yangu?"

Karatasi za hospitali zilizunguka mkono hadi mkono. Scovia akazirudisha. "Hospitali hapana ona hii kitu. Hata ya baba hapana ona."

Kisha mzee akanigeukia. "Keji, sisi hapana sema ni wewe. Sisi nataka kujua tu. Adrabo atakula kwa mama yake, hapa, mpaka mvua naisha. Chakula ya mama peke yake. Sisi tutaangalia uso."

"Na mashavu yakirudi, baba?"

"Yakirudi, wewe narudi kwenu Koboko."

"Na Linda?"

Alitazama chini. "Mutoto iko ya ukoo."

Nilimtazama mume wangu. Nilingoja aseme neno moja tu, kwamba huyu ni mke wangu, simdhanii. Alinyanyuka, akajipangusa suruali, akasema, "Sawa. Nitakula kwa mama, tumalize maneno." Alitaka tuende nyumbani kabla mvua haijaanza.

Nimemfungia nguo. Nimemwekea na soksi zake za kukimbilia. Viatu vyake vizuri vimebaki chini ya kitanda, amesema vile vya zamani vitamtosha huko kwenye matope.

Jumatano, 10 Septemba

Linda anauliza kama baba amepata kazi Adumi. Nimesema ndiyo.

Jumapili, 21 Septemba

Habari njema. Adrabo anapitia kibandani akitoka Vurra. Bado anakimbia, asubuhi, huko Adumi. Mama anampikia kuku, enyasa, ule ugali wa muhogo, ya kutosha watu watatu, odii juu. Anakula yote na anabaki vile vile, uso kama jembe lililolika.

Sikuwahi kudhani nitaufurahia uso ule. Kama adabu ingeruhusu, ningeubusu mbele ya wateja.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mvua kubwa sana. Daraja dogo la njia ya Adumi limefurika. Adrabo hajapita tangu Jumatatu.

Jumatano, 8 Oktoba

Ameteleza kwenye matope, kifundo cha mguu kimevimba. Hakimbii. Haendi kazini. Anakaa kwa mama yake, anakula.

Jumanne, 14 Oktoba

Scovia amekuja kibandani na simu. Hakukaa. Akaniwekea picha mbele ya macho: Adrabo kwenye kigoda, mguu umefungwa kitambaa, anatafuna. Chini ya macho kumejaa. Mashavu yameanza kurudi, kidogo, kama unga unaoanza kuumuka.

"Wewe naona? Wiki tano tu kwa mama."

"Hajakimbia, Scovia. Ni mguu."

"Hm."

Usiku huu, nasikia mvua juu ya bati na ninamsikiliza Linda akipumua. Nimemfundisha namba ya simu ya baba yangu Koboko. Ameisoma kwa wimbo, anadhani ni mchezo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimekuta kibanda kimepigwa mawe. Birika limebonyea. Yangi amenisaidia kuokota vikombe. Baba yangu amenipigia simu akisema nirudi nyumbani kabla hawajaanza na nyumba. Nikamuuliza, na Linda? Akakata simu. Yeye ni mzee pia, anajua mtoto ni wa nani.

Siendi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimekwenda Adumi. Nilivitoa vile viatu vizuri chini ya kitanda, nikavifunga kwenye kanga, nikamwacha Linda kwa Yangi.

Adrabo alikuwa peke yake uani, mama yake amekwenda sokoni na kwete yake, ile pombe ya nafaka anayouza kila Jumamosi. Kifundo hakikuwa kimevimba tena. Nilimwambia asimame, akasimama. Nilimwambia aruke, akaruka huku akicheka. Mguu ulikuwa umepona.

"Tangu lini?"

"Siku kadhaa." Akajikuna shingo. "Nimechoka tu, Keji. Mvua nayo. Na mama napika vizuri, wewe unajua."

Nilimtazama akiwa amekaa pale na mashavu yake mapya. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililonikasirisha. Mtu anashiba kwa amani kwenye kigoda, na kila tonge analomeza linanitoa mimi nyumbani mwangu. Alikuwa hajawaza. Tangu Agosti hajawaza.

Nikafungua kanga, nikavitupa viatu miguuni pake.

"Kimbia."

"Wewe si ndiye ulisema niache?"

"Nilisema. Sasa nasema kimbia. Ukinenepa hapa, Linda hana mama. Unasikia? Nakuomba ukonde, Adrabo. Konda mpaka mifupa itoke. Usipokimbia kwa ajili yangu, usirudi kwangu."

Sijawahi kumpigia kelele. Kuku walitawanyika. Uso ulimshuka, halafu akainama akaanza kufunga kamba za viatu. "Mimi nilifikiri ni maneno tu," alisema. Nilimwacha akiwa njiani anakimbia, na nikapita pembeni ya ule muhogo bila kugeuka.

Jumanne, 28 Oktoba

Anakimbia asubuhi na jioni.

Jumapili, 9 Novemba

Nimemwona misani. Uso umekwisha kabisa, ni zaidi ya Agosti. Nilipiga magoti nikashukuru, na sijui kama Mungu anapokea shukrani za namna hii.

Jumapili, 16 Novemba

Yangi alikwenda soko la Adumi kutafuta nyanya, akarudi na habari. Watu wanasema: mtoto amekula kwa mama peke yake, na amezidi kukonda. Basi mkono ni wa nani? Wengine wameanza kukumbuka kwamba hata marehemu mume wa mama Eyotaru alikuwa anakula kwake pia. Jana kwete yake hakuna aliyeinywa. Aliionja mbele ya watu, akaionja tena, mpaka akalewa peke yake na mtungi umejaa.

Nilifurahi. Naandika kama ilivyo. Nilifurahi mpaka nikajipikia chai ya maziwa. Sasa aonje yeye, nilisema kwa sauti.

Halafu nikakumbuka ile nyumba iliyochomwa, na chai nikaimwaga. Wakimaliza naye, wataanza na nani?

Alhamisi, 20 Novemba

Mama Eyotaru amekuja Ediofe. Alikaa kwenye benchi la kibanda changu, ambalo siku hizi lina nafasi tele. Amekonda yeye mwenyewe. Hakuniomba msamaha. Alikaa akiangalia birika lililobonyea.

"Keji. Wewe nafanya nini, watu nakataa kikombe?"

"Nakunywa peke yangu, mama."

"Na kesho?"

"Kesho napika tena."

Akatikisa kichwa. Akasema Mzee Acidri ameita kikao kingine mvua ikiisha, na safari hii hajaambiwa akae upande gani.

"Mimi naona yeye nakula," akasema, na sauti ikamkatika. "Macho yangu naona. Nakula yote. Hiyo nyama naenda wapi?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kumuumiza. Nilikuwa nimeyatunza tangu Agosti. Nikamwambia, "Twende Koboko Jumamosi ya wiki ijayo, mama. Tukaone inaenda wapi. Mwambie na Mzee Acidri aje."

Jumamosi, 29 Novemba

Anga safi, ya kwanza baada ya muda mrefu. Tumefika Koboko asubuhi, tukasimama kwenye uwanja wa mpira ambako mbio zinaishia. Mama Eyotaru alivaa gomesi, lile gauni lake la kanisani. Mzee Acidri alikuja na kiti chake mwenyewe. Scovia alisimama mbali nami. Mimi nilibeba chupa ya chai kwa sababu sikujua mikono yangu niifanyie nini. Niliwaza: wasipoelewa leo, hakuna kingine kilichobaki.

Wa kwanza aliingia kijana mrefu. Mama akainuka kumtazama. Mashavu hakuna, macho ndani, mifupa nje. Akafuata mwingine, uso ule ule. Akaja askari mmoja mwenye mikunjo kutoka puani hadi kidevuni, akaja msichana ambaye panja zake zilikuwa zimebonyea kama kikombe cha bati, akaja mwalimu mwenye mvi na ngozi ya shingo inayoning'inia. Walikuwa wanaingia mmoja mmoja, Wakakwa, Walugbara, watu wa Sudan, watu wa Kongo, na wote walikuwa na uso wa mwanawe. Wote wanacheka. Mama hakukaa tena. Alisogea hadi kwenye kamba, akawa anawatazama kila mmoja anapopita, mdomo wazi.

Adrabo aliingia katikati ya kundi, akamkumbatia yule askari, wakafanana kama mapacha. Mama akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akamgeukia Mzee Acidri na kumsemesha kwa nguvu, kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie.

"Acidri! Na hawa wote? Hawa wote, nani napikia wao?"

Mzee alikuwa amefinya macho, anawatazama wale watu kwenye nyasi wanavyomwagiana maji. Mwishowe akasema, "Eh," akakunja kiti chake. Scovia alikuwa analia, akijifanya ni vumbi.

Nilimkalisha mama kwenye nyasi, nikamimina chai. Mkono wangu wenyewe ukakipeleka kikombe mdomoni mwangu kwanza, umeshazoea. Akanishika kifundo cha mkono.

"Wacha. Lete."

Akakichukua na kunywa yote, ya moto vile vile. Machozi yalimtoka, na hakunyanyua mkono kuyafuta. Kisha akasema jina ambalo sijawahi kulisikia likitajwa Adumi, "Rosa," mara mbili, na nikaelewa ni jina la mke mdogo. Tulikaa hivyo. Hakuna uwanja wa mpira utakaomrudishia yule mama nyumba yake.

Jumapili, 30 Novemba

Adrabo amerudi nyumbani. Mzee Acidri ametuma neno kwamba jambo limekwisha, hakuna kikao. Hakuna pole, limekwisha tu. Mama Eyotaru amelala kwetu, anataka kurudi Adumi Jumanne.

Jioni Adrabo alikaa mezani, uso wake mkavu umejaa furaha, akasema mwakani atakimbia ndefu zaidi, na je, leo sufuria yake iko na nini?

Sijamsamehe bado. Labda nitamsamehe, ni mtu mwema asiyeangalia pembeni. Nilitazamana na mama yake.

"Sufuria yako iko jikoni," mama akamwambia. "Na moto iko. Jipikie."

Amejipikia. Mimi, mama na Linda tumekula kwenye sufuria kubwa, enyasa na odii, kwa mikono yetu, na hakuna aliyeonja kwanza.